Mwaka wa Mwezi, Mwaka wa Jahazi, Mwaka wa Shule

Siku ya kufunga shule mwezi wa Aprili, watoto wa Lamu hurudi majumbani na yunifomu zimechakaa kwa chumvi na jua, ripoti zimekunjwa mifukoni, kelele zikitangulia kwenye vichochoro. Mgeni akiwaona atadhani kesho watalala mpaka jua lipande. Kesho yake, kabla ya saa mbili asubuhi, vichochoro vya mitaa ya Langoni na Mkomani vimejaa watoto wale wale. Safari hii wavulana wamevaa kanzu na kofia, wasichana wamevaa mabuibui yaliyoshonwa kwa kimo chao, misahafu wameikumbatia kifuani. Shule imefungwa. Madrasa, ambayo muhula mzima hupewa alasiri na siku za mwisho wa juma, sasa imepata asubuhi yake.

Kila ninaposikia watu wakibishana kama watoto wasome mwaka mzima kwa mapumziko mafupi mafupi, ama wabaki na mihula mitatu na likizo ndefu, huvikumbuka vichochoro hivi. Mtoto wa Lamu hakuulizwa rai yake katika ubishi huo, na hali amekuwa akisoma mwaka mzima tangu zama za babu za babu zake. Mambo yaliyobadilika ni nani anayempangia huo mwaka, na kwa kutazama nini.

Zamani waliotazamwa walikuwa wawili: mwezi na pepo.

Mwaka wa mwezi umeandikwa ndani ya majina ya miezi yenyewe. Mswahili hakuridhika kusema Shawwal au Dhulqaada. Aliita Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, akaendelea hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Maana yake ni kwamba mwaka huanzia pale mtu anapofungua baada ya kufunga. Hesabu ya dini huanzia Muharram, lakini Muharram kwa Waswahili ni Mfunguo Nne tu, mwezi katikati ya safari. Chuo, yaani madrasa ya zamani, nacho kilifuata mkondo huo. Ramadhani ikiingia, mara nyingi mwalimu alifunga mlango, na watoto wakabaki kulala mchana na kukesha na tarawehe. Idd ikipita, mikeka ikatandikwa upya, na mzazi mwenye mtoto wa kuanza akampeleka.

Na wiki ya chuo ilikuwa imekaa ndani ya lugha vile vile. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ni ya pili, Jumatatu ni ya tatu. Chuo kilianza Jumamosi, siku ya mosi kweli kweli, kikaenda mpaka Alhamisi, siku ambayo mtoto alimletea mwalimu ada yake ndogo, kisha akapumzika Ijumaa. Ukihesabu siku za kusoma kwa mwaka, ukitoa Ijumaa, Ramadhani, Idd mbili na siku za Maulidi, utaona ni nyingi kushinda siku za shule yoyote ya leo.

Lakini tofauti kubwa haikuwa idadi ya siku. Hebu tuingie chuoni. Mahali penyewe pengine ni ukumbi wa nyumba ya mwalimu, pengine ni daka la mbele, na wapo walimu wanawake waliofundisha vizazi na vizazi bila kutoka nje ya mlango wao. Watoto wameketi chini, kila mmoja na ubao wake wa mti. Aya za leo zimeandikwa kwa wino wa masizi na kalamu ya tete. Wote wanasoma kwa sauti, na kila mmoja anasoma mahali pake: huyu yumo katika herufi, yule katika Juzuu Amma, yule wa pembeni amefika Yasini. Aliyehifadhi huuosha ubao, akaandikiwa aya nyingine. Asiyehifadhi huendelea na ule ule hata kesho. Hakuna darasa la kwanza wala la pili, hakuna aliyerudia darasa. Mtoto alihitimu siku aliyohitimu, awe na miaka minane au kumi na miwili, na siku hiyo ndiyo sherehe iliyofanywa, kwa udi na halua. Aliyekwenda Kiwayu na baba yake kwa mwezi mzima alirudi akaukuta ubao wake mahali alipouacha. Mwaka haukuweza kumpita, kwa kuwa haukuwa mwaka wa kundi.

Hapo ndipo pepo zilipopata nafasi. Lamu ni mji wa bahari, na bahari ina mwaka wake. Mabaharia wa mwambao huu walihesabu siku 365 tangu Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, neno lililotoka Uajemi. Siku hizo waliziweka katika mafungu ya kumi kumi, wakayaita miongo: miongo 36, na siku tano za ziada. Nahodha hakukwambia atatweka mwezi gani. Alikwambia mwongo. Alihitaji hesabu ya jua kwa sababu miezi ya mwandamo huhama, na pepo hazihami: kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ikileta majahazi kutoka Uarabuni; masika huingia na mvua; kisha kusi hushika, bahari ikachafuka nje ya miamba na vyombo vikafungwa. Siku ya Mwaka yenyewe ilikuwa siku kuu ya mji, ng'ombe akizungushwa mjini kabla ya kuchinjwa ili mji uzinguliwe na mabaya. Watoto hawakwenda chuo siku hiyo.

Kwa hiyo mtoto wa Lamu wa mwaka 1880, tuseme, aliishi katika miaka miwili inayopishana: mmoja wa siku 354 uliompangia ibada na masomo, mwingine wa siku 365 uliompangia chakula. Miaka hiyo haikugombana, maana chuo kilijua kungoja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alijenga msikiti wa Riyadha pale Langoni, na elimu ya Lamu ikachukua sura mpya. Aliwafundisha watu ambao mabwana wa Mkomani hawakuwategemea kuwaona katika darasa la vitabu: watumwa na watoto wao, wagema, maskini waliotoka ng'ambo. Wanafunzi walikuja kutoka mbali, wakalala pale pale, na Riyadha ikawa chuo cha bweni hata kabla serikali haijafikiria bweni kisiwani. Aliipa Lamu pia Maulidi yake kubwa, inayosomwa kwa matari na kuja na umati wa wageni kutoka Tanzania, Uganda na Visiwa vya Ngazija. Maulidi hiyo huangukia wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita. Mpaka leo ndiyo nguzo ya katikati ya mwaka wa masomo ya dini: watoto hujiandaa kwa miezi, hujifunza kaswida, wakapanga safu za zefe, kisha hupumzika.

Mwaka wa tatu ulikuja na Waingereza. Mwambao ulitiwa katika ulinzi wao mwaka 1895, ingawa bendera ya Sultani wa Unguja iliendelea kupepea, na liwali na kadhi wakabaki vitini. Shule ya serikali ya Waarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912, na mtindo wake ukasambaa miji mingine ya pwani. Elimu iligawanywa kwa rangi, Mzungu na yake, Mhindi na yake, Mwarabu na yake, Mwafrika na yake, na Waswahili na Wabajuni wakahangaika miaka mingi wakiambiwa leo wako huku, kesho kule. Hiyo ni historia yenye uchungu wake. Ninalolitazama mimi hapa ni jambo dogo lililopita kimya: shule ilianza Jumatatu. Siku ya tatu ikafanywa siku ya kwanza. Ijumaa ikawa siku ya kazi yenye pengo la adhuhuri, na mapumziko yakahamia Jumamosi na Jumapili, siku mbili ambazo kwa hesabu ya chuo zilikuwa za kufungua juma.

Na mwaka ukaanza Januari, ukakatwa mihula mitatu, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Ukiwa Nairobi au Nyeri, mpango huu una mantiki yake. Aprili ni mvua na jembe, Desemba ni Krismasi. Ukiwa Faza, visiwani huku, Aprili ni bahari inayobadilika na Agosti ni kusi tupu.

Wazee wengi waliikimbia shule hiyo. Waliogopa mtoto atatolewa katika dini, na hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwani sehemu kubwa ya shule za nchi zilikuwa mikononi mwa misheni. Aliyewasemesha kwa lugha waliyoielewa alikuwa mwanachuoni wao, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu. Katika gazeti lake la Al-Islah, lililotoka mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waitafute elimu mpya bila kukiacha Kiarabu na dini. Rai yake ilishinda polepole. Lakini mwambao uliikubali kwa njia ambayo, naona, haijaandikwa vya kutosha: haukuchagua. Ulizishika zote mbili. Chuo kilihamia alasiri, baada ya shule, kikahamia Jumamosi na Jumapili, na kikangoja likizo. Mzigo wa kupatanisha kalenda mbili ukatuliwa juu ya mabega ya mtoto wa miaka saba.

Uhuru haukuuondoa mzigo huo. Elimu ya 8-4-4 ilikuja mwaka 1985, elimu ya msingi bila malipo ikaja Januari 2003, mtaala wa umilisi ukaja 2017, na kila mara kalenda ilibaki ya Nairobi. Mwezi, kwa upande wake, haukusimama. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ikaizunguka kalenda ya jua kwa takriban miaka 33. Mwaka 1969 iliingia Novemba. Ikazunguka, na mwaka 2001 ikaingia Novemba tena, na miaka miwili iliyofuata pia ilishika mwezi huo. Novemba ndio mwezi wa mitihani ya taifa. Watoto wa visiwani waliamka daku, wakasali, wakaingia chumba cha mtihani na midomo mikavu, katika joto la kukaribia kaskazi. Waliufanya mtihani ule ule uliofanywa na mwenzao wa bara aliyetoka kunywa chai. Hakuna aliyekusudia kuwaonea. Ni kwamba hakuna aliyefungua hesabu ya mwezi alipokuwa akipanga.

Bahari nayo ina deni lake. Kaskazi ikitulia, maji ya visiwa vya Wabajuni huwa maangavu, na huo ndio msimu wa kamba mawe. Wazamiaji wa Kizingitini na Kiwayu huingia miambani kuwatoa, na wanunuzi hungoja pwani. Msimu huo unakaa juu ya muhula wa kwanza, Januari hadi Machi. Kijana wa darasa la saba anayeweza kuzamia anajua siku moja nzuri itamwingizia nini, na anajua nyumbani kuna nini. Akienda wiki tatu, anarudi akiwakuta wenzake wamemwacha. Ubao wa chuo ungemngoja. Daftari la hisabati halimngoji. Akirudi mara ya pili na ya tatu akikuta hivyo, siku moja harudi tena. Nimewasikia watu wakiuita huo uvivu wa watu wa pwani, na kila nikiusikia hukasirika, kwa sababu anayezamia miambani tangu asubuhi hadi alasiri hana uvivu wowote.

Tena kuna maji yenyewe, yanayofuata mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa zimegeuka. Mashua kubwa itokayo Faza au Siyu kwenda Lamu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara wenye mikoko pande zote, na hungoja maji. Mzazi anayempeleka mwanawe sekondari ya bweni husoma tarehe ya kufungua kwenye barua ya shule, kisha hutazama mbinguni kujua atoke saa ngapi.

Wanaopendekeza masomo ya mwaka mzima hutaja sana Marekani, na inafaa tuitaje ili tuione vizuri. Watu hudhani likizo yao ndefu ya kiangazi ilitokana na mashamba. Historia haisemi hivyo. Katika karne ya 19 shule nyingi za vijijini huko zilisoma majira ya baridi na majira ya joto, zikafunga wakati wa kupanda na kuvuna. Miji ndiyo iliyosoma karibu mwaka mzima, kisha ikapunguza siku zake. Kalenda moja ilipatikana kwa kusogezana. Baadaye wakaja waliotaka kuirudisha nyuma: mji wa Bluffton, Indiana, ulijaribu mwaka 1904, na mwaka 1970 wilaya ya Valley View, Illinois, ikaanza mpango wa siku 45 za kusoma na 15 za kupumzika, sababu kubwa ikiwa watoto ni wengi na madarasa ni machache. Siku za masomo zilibaki zile zile, 180 au karibu yake. Kilichosogezwa ni mapengo. Ukiondoa majina makubwa, swali lao lilikuwa lile la mwalimu wetu wa chuo: pengo liwekwe wapi?

Kenya ilionja mpango wa namna hiyo bila kuuchagua. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Madrasa nazo zikafungwa, misikiti ikafungwa, na Ramadhani ya mwaka ule ikapita kimya ambacho Lamu haikupata kukijua. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, wengine wakarudi Januari 2021. Ili kuifukuza miezi iliyopotea, wizara chini ya Profesa George Magoha ilipanga mihula minne kwa mwaka, mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai 26 na kwisha Machi 4, 2022. Likizo zilikuwa za siku kumi hivi. Watoto walisoma hadi Desemba 23, wakafungua Januari 3.

Kwa Lamu hicho kilikuwa kipimo cha kweli, na matokeo yake yalionekana vichochoroni. Zile asubuhi za madrasa zilikufa. Mtoto hakuwa na likizo ya kupeleka kwa mwalimu wake wa dini. Alikuwa na wiki moja ya kufua yunifomu. Shule ya mwaka mzima ilipofika mahali ambapo watoto walikuwa tayari wakisoma mwaka mzima, haikuwaongezea mwaka, ilimla mwenzake. Msimu wa kamba wa Januari ukapita katikati ya mbio. Halafu, kwa sadfa tu, pengo refu kati ya mwaka ule na uliofuata lilianzia mapema Machi hadi Aprili 25, na Ramadhani ya 2022 ikaingia Aprili hiyo. Wengi wa watoto wa visiwani walifunga wiki tatu hivi za mwanzo wakiwa majumbani, wakala daku na kulala, kama walivyofanya wa chuo cha zamani. Haikupangwa hivyo kwa ajili yao. Ila ilionyesha kwamba inawezekana.

Siwezi kuandika haya nikawasahau Waaweer, wanaoitwa Waboni, ng'ambo ya bara. Baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab yaliyoanza kuikumba kaunti hii mwaka 2014, na operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni kuanzia 2015, shule za wadi ya Basuba zilifungwa kwa miaka. Kule ubishi wa likizo fupi na ndefu ni anasa. Mtoto wa kijiji cha Mangai alipata likizo moja, na haikuwa na tarehe ya kufungua.

Wapo waliojaribu kuzifunga kalenda pamoja tangu chini. Katika miaka ya 1980, kule Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianzisha shule za chekechea zilizomweka mtoto mahali pamoja, dini na herufi na michezo katika asubuhi moja, na mbegu hiyo ikaota Unguja na Uganda. Shule za binafsi za Kiislamu zilizozuka mwambao zimefuata njia hiyo, zikaingiza Kurani katika ratiba. Mwenye karo humaliza ugomvi hivyo. Asiye nayo huendelea kumbadilishia mwanawe nguo alasiri, yunifomu ikavuliwa na kanzu ikavaliwa, na chakula kikaliwa njiani.

Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili: mara ya kwanza katika siku za mwanzo za Januari, na ya pili baada ya Krismasi. Mtoto aliyeingia gredi ya kwanza mwaka 2024 atakuwa gredi ya saba. Shule zikifunguliwa wiki ya kwanza ya Januari kama desturi, mwezi utakuwa mchanga na maji yatakuwa ya bamvua, kaskazi imeshika, na kamba wako miambani. Mashua ya Faza italazimika kuvuka Mkanda baada ya daku, kabla maji hayajatoka, ama ingoje mpaka alasiri. Mwanafunzi wa bweni atakuwa amekaa juu ya sanduku lake karibu na tezi, amefunga, na nahodha akikitazama kina kwa upondo.